Chini ya Meza ya Krismasi

Thuo, leo nimeaibika! Nimejificha chini ya meza mbele ya wakwe!

Tulikuwa tunakula hapa kwangu mtaa wa Satellite, jirani akalipua fataki. Unajua nilivyo tangu majambazi wanifyatulie risasi dukani. Kufumba na kufumbua niko chini, mzee mzima na tai yangu!

Nikakumbuka mafunzo ya kikundi chetu cha manusura kule Kabiria: vuta pumzi, taja kwa sauti unachokiona. Nikataja. "Naona mguu wa meza. Naona soksi ya mkwe imetoboka, kidole kiko nje."

Kwa sauti, Thuo! Kwa sauti!

Mzee Njuguna, baba wa mke wa mwanangu Jeremy, akainama. Nikajua ndoa ya kijana imeharibika.

Kumbe anaingia! Akaketi kando yangu. "Mkwe, hata mimi fataki siziwezi, tangu ile ajali ya basi. Kila Krismasi najifungia chooni, nasema ni tumbo."

Zikalia tena. Tukashikana mikono, wazee wawili, tukivuta pumzi pamoja mpaka zikaisha.

Mke wangu Njambi akachungulia na chai. "Wazee, mnatoka ama niwaletee godoro?"