Gauni la Usaili Halihitaji Pasi

Wifi,

Asubuhi niliona pindo la gauni lako la usaili limejikunja kama sikio la mbuzi, na umeme hakuna. Nikakumbuka utani wako wa jana: "Hili umelifua au umelitafuna?" Basi nimelisuuza tena kwa maji yenye matone mawili ya mafuta ya nazi, nikalinyoosha kwa mikono. Pamba imelainika, mikunjo imekwisha. Kufikia saa nane litakuwa limekauka. Usilikunje!

Kwanza nilijaribu kijiko kizima kwenye fulana ya kaka. Inang'aa kama sufuria. ~~Mwambie ni jasho lake.~~ Nitamwambia mwenyewe.

Kazi utaipata. Ulipoolewa hapa nililia kutwa. Siku hizi ukichelewa kurudi ndipo machozi hunilenga.

Wifi yako, mtafuna nguo