Unyayo wa Fundi

Tarehe 4 Machi

Kaka yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini unaamka salama na mizigo ya ghalani haijakuvunja mgongo. Mimi ni mzima. Shule imekwisha, nasubiri matokeo tu, kwa hiyo macho yangu hayana pa kwenda ila kwa baba, na baba si mzima. Naandika kwa sababu simu ni yake, huwa anakaa karibu nayo, na mimi unanijua nilivyo kwa kuongea.

Baba ana kidonda chini ya mguu wa kulia. Hajui kilianza lini. Si unakumbuka anavyoendesha cherehani pekupeku, eti fundi anayevaa viatu haisikii mashine yake? Kumbe siku hizi unyayo hausikii chochote, ile sukari yake imeutia ganzi. Amekuwa akikanyaga pedali kwa kidonda. Jumamosi nilimwomba auinue mguu nifagie, nikaona nakshi za chuma cha pedali zimejichora kwenye nyama. Pembeni ilikuwa ya kijivu, katikati ina maji ya njano. Harufu yake, kaka, ni kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya ndoo. Nilikimbia nikatapika kwenye mtaro, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suruali. Nikaona aibu, halafu nikarudi ndani.

Hospitali, muuguzi wa vidonda ametuambia hakuna muujiza. Vidonge kila siku, pamoja na chakula. Kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila asubuhi. Na mguu usikanyage kitu. Nikafikiria ule mkono wa kuzungushia, unaofungwa kwenye gurudumu la cherehani, lakini baba amekataa. Anasema cherehani ya mkono ni ya wanaojifunza, wateja watadhani ameisahau kazi. Tafadhali zungumza naye. Wewe ukisema, anasikiliza. Mimi nikisema, ananiuliza kama nimekula.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 19 Machi

Kimya mdogo wangu,

Pole kwa kuuguza, na mpe mzee shikamoo yangu. Huku niko salama, ila barua yako niliisoma mezani na chakula nikakiacha.

Hayo mambo ya kufunga na kufungua vitambaa ni kupoteza muda. Nimetuma kifurushi kwa basi. Chupa ni dawa ya kunywa, inakomesha sukari moja kwa moja. Unga ni wa kunyunyiza kwenye kidonda, unakikausha upesi. Muuzaji huja hapa getini na gari lenye spika juu, tunamwita Daktari Spika, na watu wanampangia foleni. Anasema isichanganywe na vidonge vya hospitali, vitapigana tumboni.

Cherehani usiiguse. Ukimkalisha mzee kama mwanafunzi, hapo ndipo utakapomuua.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nimekasirika. Tunakula na kulala. Kama huo ndio uzima, basi tu wazima.

Dawa yako nimeionja kwa ncha ya ulimi. Ni tamu. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye kifuniko, na wengine wamezama ndani. Dawa ya kukomesha sukari, kaka, na sisimizi wanaigombania. Baba aliwachuja kwa kichujio cha chai, akaendelea kunywa. Akasema hata wao wanajua kizuri. Kichujio hicho sikitumii tena, na chai nimeacha.

Vidonge amevitupa kwenye kopo la vifungo. Unga umefanya ganda gumu juu ya kidonda, kama tope lililokauka. Anaupiga unyayo sakafuni kuwaonyesha wateja kwamba amepona, na wanamshangilia. Amerudi kwenye pedali.

Lakini harufu haijaondoka. Nikibonyeza pembeni mwa ganda, chini yake kuna kitu kinatembea, kama uji chini ya utando. Nimeshindwa kumwambia, kwa sababu ana furaha ambayo sijaiona tangu mama atutoke. Mwambie wewe arudi kwa muuguzi. Neno lako moja linatosha.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 13 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina haraka, zamu inaanza.

Wewe tangu utotoni una kinyaa. Nzi akitua kwenye sahani ya jirani, wewe ndiye unayeacha kula. Kidonda kikikauka, kimepona. Siwezi kumwambia mzee aache kitu kinachomfurahisha. Chupa nyingine iko njiani.

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Leo sina salamu.

Baba amekatwa kidole gumba cha mguu, uozo ulikuwa umekifikia. Alianza kutetemeka akiwa anashona, homa ikampanda, akaanguka juu ya kitambaa cha mteja. Hospitali, muuguzi aliliinua lile ganda kwa koleo dogo. Kilichotoka sitakiandika chote. Kilikuwa cha kijani na kilikuwa kingi, na mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka usoni. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Nilitapika baadaye, nilipokwisha kulimwaga. Daktari amesema ikitokea tena, kitakachokatwa ni mguu.

Chupa yako ya pili tuliikuta nyumbani. Nimeimwaga chooni. Lile ganda la unga nilitamani kukutumia kwenye bahasha, ulisome.

Nimeufunga ule mkono kwenye cherehani. Baba aliutazama muda mrefu, akauliza ni nani atakayezungusha, kwani mikono yake yote miwili iko kwenye kitambaa. Nikamwambia, “Mimi. Na ukikanyaga pedali naacha kuzungusha, hata kama mwenye nguo yuko mlangoni.” Alinitazama kama mteja anayekuja kushonesha kwake kwa mara ya kwanza. Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo.

Sasa nakaa mbele, pale watu wanaponiona. Baba anasema polepole, nazungusha polepole. Mshono wetu wa kwanza ulikwenda kama mlevi. Wateja wananiuliza maswali nami najibu nikitazama gurudumu. Asubuhi nasafisha kidonda, nafunga. Kinyaa hakijaniisha. Najifunga leso puani, nafanya hivyo hivyo.

Ukiwa na dawa nyingine, usiandike.

Mdogo wako


Tarehe 28 Juni

Kimya,

Sijaandika muda wote huu kwa sababu sikuwa na dawa ya kutuma, na bila dawa sikujua niseme nini. Natumaini baba anaendelea.

Ghalani wametupima wote. Wameniambia nina sukari, na inaelekea ninayo siku nyingi. Nilicheka, nikawaambia mashine yao mbovu. Jana nilipovua buti, soksi ilikuwa imegandana na kisigino. Sikusikia maumivu. Nilisikia harufu. Nikarudisha mguu ndani ya buti, na leo nimekwenda nayo kazini.

Daktari Spika ana chupa mpya, anasema hii ni kali kuliko ile. Iko hapa mezani. Sijaifungua.

Usimwambie baba. Niambie tu, hayo mnayoyafanya yanasaidia? Yanachukua muda gani?

Kaka yako


Tarehe 5 Julai

Kaka yangu,

Pole. Barua yako nimeisomea uani nikiwa nimesimama, na ile harufu ikanijia kama vile umeitia ndani ya bahasha.

Yanachukua muda gani, sijui. Kidonda cha baba kilikuwa kama mdomo wa kikombe, sasa ni kama kifungo cha koti. Wiki iliyopita kilitoa maji tena, kwa sababu alisimama kutwa akikata sare za shule na mimi sikuwepo. Tukaanza upya kukibembeleza. Vidonge anameza huku amekunja uso. Hajapona, lakini mguu anao.

Nimemwambia. Uliniomba nisimwambie, lakini nimechoka na vitu vya kufunikwa juu. Aliweka mkasi chini. Kisha akasema, “Mwambie kesho asivae buti.”

Chupa imwage kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Lowesha soksi kwa maji safi mpaka iachie yenyewe, usiivute. Tafuta kioo, kiweke sakafuni, inua kisigino juu yake, utazame. Utageuza uso. Ukishageuza, rudi utazame tena. Asubuhi nenda hospitali ukiwa na mguu wenyewe, si maelezo, na ufanye watakalokuambia, hata likiwa dogo la kukuchekesha.

Kisha uniandikie rangi ya kidonda, ukubwa wake, na kinavyonuka. Ukianza barua kwa kusema u mzima, sitaisoma.

Mdogo wako,
Kimya