Kupotea Cusco, kidole kikiwa juu

Jumanne, Cusco, Peru

Bado nina woga. Niliwatoroka wenzangu wa safari ya shule ili nizione peke yangu kuta za kale za Wainka nilizosoma habari zake vitabuni, nikapotea. Simu niliiacha hotelini nikiogopa vibaka, kama tunavyofanya nyumbani Johannesburg.

Nikainua kidole juu, ishara yetu ya kusimamisha teksi za kwenda mjini. Magari yakapita tu. Mama mmoja muuza mahindi akatazama kidole, akatazama mawingu, akanifungulia mwavuli. Nikalia. Niliposema “Plaza, Plaza,” akaacha mahindi yake, akanishika mkono hadi uwanja mkuu wa mji, karibu na hoteli yetu.

Mwalimu Thandi, aliyekuwa akinitafuta hapo, hakufoka.

“Mama yako ningemwambia nini, mwanangu?”

Midomo ilikuwa imemkauka. Sikujua kwamba walimu nao huogopa hivyo.