Tafuta Mama Kemunto Wako

Alhamisi

Namshukuru Mungu, Chebet amekula leo. Tangu Jumapili binti yangu alikuwa ameinamia kazi ya chuo na uso kama wa mtu aliyefiwa.

Ameweka programu ishirini kwa kompyuta, zinaonyeshana picha za majani chai na kuyapa majina zenyewe. Mwanzo kila moja ilikuwa na majina yake, zikaongea mpaka zikakubaliana. Halafu akazigawanya makundi mawili yasiyoongea pamoja. Kila kundi likaendelea kubadilisha majina kivyake, na alipoyakutanisha hayakuelewana kabisa. Na Jumatatu mwalimu anataka kuona yakielewana, bila Chebet kuyafundisha neno hata moja.

“Yamegoma, Mama,” akaniambia karibu kulia.

Nikamwambia hata sisi tunaochumiana chai kwa zamu tuko hivyo. Wa ng’ambo ya mto wana majina yao ya majani na sisi yetu, lakini jirani yetu Mama Kemunto huchuma pande zote mbili, ndiyo maana hatupotezani. “Tafuta Mama Kemunto wako.”

“Mama, wewe na chai yako!” Akacheka, lakini akajaribu na programu mbili tu, ziwe zinaenda huku na kule kati ya makundi.

Jioni akaja mbio jikoni. Si maneno yote, ila mengi yamekuwa mamoja tena. Programu moja ameiita Kemunto.

Mimi niliachia shule darasa la saba. Nilikuwa naogopa chuo kitampeleka mahali maneno yangu hayafiki. Leo, Bwana asifiwe, yamefika.