Mkono wa Babu Mbele ya Hakimu

Ujiji, Jumatano, masika

Mvua imekatika tangu adhuhuri na ziwa limetulia kama limelala. Milima ya Kongo iko karibu sana leo, kana kwamba ningenyoosha mkono nikaigusa. Nami ni hivyo hivyo, nusu macho, nusu ndotoni.

Nyumba ni yetu.

Naandika tena ili niamini: nyumba ni yetu.

Tangu Babu Mustafa afariki, jirani yetu Bwana Sudi amekuwa akionyesha hati kwamba Babu alimuuzia nyumba hii. Chini yake pana sahihi ya Babu. Kama hakimu angeikubali, Bibi na mimi tungehamia Ilagala kwa shangazi, na shule ningeiacha. Kimoyomoyo nilikwisha kuanza kuliaga dawati langu.

Hakimu aliagiza mtaalamu wa maandishi kutoka Dar es Salaam. Alifika kwa treni, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, akataka maandishi ya Babu yasiyo na shaka. Bibi alikuwa na barua ambazo Babu alimwandikia alipokuwa akifanya biashara ng'ambo, Kongo. Alizikumbatia kifuani.

"Barua za mume wangu zisomwe na mwanamume mwingine?"

"Mama, mimi sizisomi," mtaalamu akasema. "Natazama tu mkono unavyokwenda."

Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, huyu unamwamini?" Ndivyo anavyonitania siku zote.

Nikasema namwamini. Akazitoa.

Leo mtaalamu alieleza mahakamani. Nilidhani atasema sahihi ile ni mbaya. Alisema ni nzuri, tena herufi zimepangika kuliko za Babu mwenyewe. Kisha akauliza Babu alijifunzia wapi kuandika.

"Chuoni, kwa maalimu wa Kurani," Bibi akajibu. "Shule hakuiona."

Wazee wengi wa hapa ni hivyo. Walianza na herufi za Kiarabu, zinazotoka kulia kwenda kushoto. Hizi zetu wakajifunza ukubwani. Mtaalamu akaonyesha kwamba katika kila barua, Babu alianza kukata t upande wa kulia: wino mzito kalamu ilipotua, mwembamba ilipoondoka. Kwenye hati, mstari ule ulianzia kushoto, kama tunavyofundishwa shuleni.

Bwana Sudi akaruka. "Yaani kijistari cha t ndicho kinitoe nyumbani kwangu?"

"Nyumbani kwa nani, ndugu?" hakimu akasema. "Hilo ndilo tulilokuja kulitafuta."

Watu wakacheka. Hati ikakataliwa.

Kabla ya kuondoka, mtaalamu aliniruhusu nitazame barua moja kwa kioo chake cha kukuzia. Mstari wa Babu ukawa mpana kama mto, una kingo, una mahali penye kina na mahali pa maji mafupi. Sikujua kwamba mtu akifa, mwendo wa mkono wake hubaki.

Sasa Bibi anakaanga dagaa huku akiimba, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba.

Nakiri hapa tu: nataka kazi ile ya mtaalamu. Wasichana wenzangu wakisikia watasema naota, na watakuwa wamesema kweli.

Kesho nitamuuliza mwalimu wa sayansi msichana wa Ujiji aanzie wapi. Akinicheka, nitamuuliza tena keshokutwa.