Gari Lililokatwa Paa: Maelezo ya Fundi Bodi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: fundi bodi, anajulikana kazini kama Nyundo
Umri: miaka 51
Makazi: chumba kilicho nyuma ya gereji yake
Uhusiano na marehemu: kaka yake wa tumbo moja
Tarehe: 14, saa tatu asubuhi

Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu nimesikia imeandikwa hapa kituoni kwamba mdogo wangu alikufa kwa mwendo kasi. Si kweli.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mwenye magari ya kukodisha kwa harusi aliniletea gari dogo la milango minne. Alitaka nilikate paa, maharusi waonekane. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa dereva wake. Mwenye magari alilihitaji Jumamosi. Nikamwambia, "Ondoa shaka, bosi." Mimi na mdomo wangu.

Gari la namna ile halina fremu chini. Paa ndilo linaloshikanisha mbele na nyuma. Kabla ya kulitoa unachomelea vyuma vya mraba kwenye vizingiti vya milango, pande zote mbili, ndipo unakata. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Safari hii sikufanya. Ingenichukua siku mbili zaidi, nikajidanganya kwamba bodi ile ni ngumu, itastahimili. Jumatano nilikata nguzo zote za paa kwa grenda, gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma.

Alhamisi saa tisa alasiri nililishusha. Lilibonyea katikati kiasi cha unene wa kidole, na milango ya mbele ikagoma kufunguka. Hapo fundi mwenye akili angesimamisha kazi. Mimi nilichukua grenda nikaipunguza milango ukingoni, nikasogeza na vitasa, mpaka ikawa inafunguka vizuri. Nikapaka rangi. Likapendeza, Mungu anisamehe.

Ijumaa saa kumi jioni mdogo wangu alilijaribu, akarudi anacheka.

"Kaka, hili gari linanesa kama kitanda cha kamba! Kioo cha ndani kinatetemeka mpaka sioni nyuma. Na mkanda wangu uko wapi?"

Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye nguzo niliyoikata. Nikamjibu, "Gari la wazi ndivyo lilivyo. Unambeba bibi harusi, huendi vitani."

"Haya bwana, wewe ndiye fundi."

Hakuuliza tena. Tangu utotoni, nikisema jambo, kwake limekwisha.

Jumamosi tarehe 8, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alipita mbele ya gereji akienda kumchukua bibi harusi. Alikuwa peke yake. Alinipungia mkono. Hatua kama sitini mbele, barabara ikianza kuteremka, kuna tuta. Alipunguza mwendo, taa za breki niliziona kwa macho yangu. Gurudumu la mbele likaingia pale tuta lilipobomoka, bodi ikajipinda, mlango wa dereva ukafunguka wenyewe, naye akaangukia lami kwa kichwa. Nilimfikia akiwa ananitazama. Alikata roho kabla sijapata gari la kumpeleka hospitali.

Gari liliteremka bila mtu mpaka likagonga ukuta wa duka. Waliokuja baadaye waliona ukuta wakasema alikuwa anakimbiza. Mwenye gari naye akashikilia hapo hapo. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza.

Jana jioni nilimweleza shemeji yangu, mke wa marehemu. Alikuwa anaosha vyombo. Aliacha maji yanamwagika.

"Siku sita namtukana marehemu kwa kuniachia watoto," alisema. "Na wewe, shemeji, unakuja hapa kila siku, unakaa, unakula, unanisikiliza."

Nilitoka pale, na leo nimekuja hapa.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nami nakiri ni maneno yangu.

(Saini ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alionywa kwamba maneno haya yanaweza kumtia hatiani. Alisema anajua. Aliuliza kama neno "mwendo kasi" litafutwa leo. Nilimweleza kwamba ripoti ya kwanza haifutwi, maelezo yake yataambatishwa nyuma. Alisema, "Afande, huko nyuma watoto wake hawatafika kusoma." Amewekwa mahabusu saa tano kasorobo.