Yohana Amekataa Kupanda

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila salamu utaninunia hukohuko uliko.

Nimemkomesha. Mdogo wako Yohana nimemkomesha, na raha niliyo nayo hainikalishi chini.

Siku tulipoanua matanga, ukoo ulikaa uani kwetu. Yohana, aliyelia makaburini kuliko sisi wote, akasimama akasema gereji haachiwi mtoto wa kike, ataolewa na kila kitu kitahamia ukweni. Wazee wakaafiki. Mimi, niliyeshusha nawe gia boksi tangu nimalize darasa la saba! Kesho yake geti lina kufuli jipya.

Nikafungua kibanda changu cha ufundi ng'ambo ya barabara, nikatazamana naye. Sikutafuta riziki, Baba. Nilitaka afunge.

Unakumbuka sheria yako: lori lililotengenezwa breki haliondoki Kibaigwa mpaka fundi mwenyewe apande, na magunia ya mahindi juu, hadi mteremkoni na kurudi. "Aliyeshika breki apande." Kuna siku ulipanda na homa, mimi nimebanwa katikati yako na dereva, unanuka dizeli na dawa ya kuchua, na bado unaimba. Jamani, Baba. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Yohana aliifuta sheria hiyo mara tu alipokamata funguo. Eti inapoteza muda.

Mwezi uliopita mteja wako wa zamani, yule dereva mwenye kigugumizi, alikuwa anatoa lori kwa Yohana baada ya kutengenezewa breki, limejaa mahindi. Nikavuka barabara. Nikasema kwa sauti, madalali na wapakiaji wote wasikie: "Baba mdogo, panda basi." Akacheka. Dereva akazima injini, naye akamwambia apande. Ghafla mgongo ukamuuma! Akamwita fundi wake, fundi akajifanya anatafuta spana. Hakuna aliyepanda, Baba. Hata mmoja.

Nikaingia chini ya lori palepale getini kwake. Bomba la upepo la breki lilikuwa limepasuka, wakalizungushia vipande vya mpira wa tairi. Nikalikata, nikalinyanyua juu watu waone. Kisha nikafunga jipya, nikapanda mimi.

Tangu hapo kwake ni mbuzi tu wanaoingia.

Jana alikuja na wazee walewale, kofia mkononi. Gereji amerudisha. Funguo nikapokea. Akaomba msamaha, nikamwangalia tu mpaka akainamisha uso. Nilifurahi, sikufichi. Mama anasema nina roho mbaya, na kwamba wewe ungemsamehe. Ungemsamehe, najua, ulikuwa mpole kupita kiasi, ndiyo maana alithubutu.

Jumamosi tunajengea kaburi lako. Yohana ameomba aje, hata abebe tofali moja tu. Nimemwambia nikimwona pale nitamfukuza mbele ya mchungaji. Akalia. Safari hii nadhani yalikuwa machozi ya kweli, na bado sikumwonea huruma.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hakuna lori litakalotoka kwenye geti lako kabla sijapanda. Hilo nitalishika mpaka nife. Kumsamehe Yohana sikuahidi. Kama unamtaka kaburini kwako, njoo uniambie mwenyewe.

Binti yako,
Nyemo